Usiku Mbwa Wetu, Mchana Mbwa Wako

Katika avenyu yetu mbwa wangu ana wenyewe wengi, lakini ni kuanzia saa mbili ya usiku. Umeme ukishakatika na giza likishashuka, anaitwa mbwa wetu. Akibweka usiku wa manane, jirani wa kushoto anamtuliza mkewe: "Lala, imbwa yetu iko inalinda." Jua likichomoza, anarudi kuwa mbwa wako. Mbwa wako kaiba sabuni. Mbwa wako kalala katikati ya njia. Mbwa wako kamtazama mtoto kwa jicho baya. Na siku akiumia, anakuwa wako wewe, baba yako na babu yako.

Anaitwa Kapita. Wazee wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa: kapita ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi la wafanyakazi, yule asiyeshika sururu lakini anayejua nani kachelewa na nani anasinzia nyuma ya toroli. Mbwa wangu ana tabia hiyohiyo. Hajawahi kufanya kazi yoyote inayoonekana, lakini hakuna mgeni aliyekanyaga kokoto za avenyu hii bila yeye kumwandika.

Hana ukoo wa kujivunia. Masikio yamesimama, mkia umejikunja, rangi ni ya vumbi la kiangazi. Ndugu zake wa mbali, wale mbwa wa msituni wasiobweka, walipandishwa meli hadi Uingereza na kuonyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937, watu wakajazana kuwatazama. Leo wanaitwa basenji, na Wazungu wanawanunua kwa pesa ambayo mimi ningejengea choo na kubakiza. Huko Virunga nako kuna mbwa wanusaji wanaowasaidia walinzi wa hifadhi kufuata nyayo za majangili. Hao wana mabanda, wakufunzi na daktari. Kapita ni mfanyakazi mwenzao. Tofauti ni mkataba. Yeye analipwa ukoko wa bukari na vichwa vya samaki wa tomson, tena nyumbani kwangu tu. Wale wengine wote anaowalinda hawajawahi kumtupia hata mwiba.

Sasa nifike kwenye ukuta. Jirani yangu wa nyuma alijenga ukuta, na juu yake akapanda vipande vya chupa za bia ndani ya saruji ili wezi waogope. Wezi hawakuogopa. Wanatandaza gunia tupu juu ya vile vioo na kupita wakiwa wamekunja suruali vizuri. Tangu ukuta huo ukauke, aliyekatwa ni mmoja tu, naye ni mlinzi.

Ilikuwa alfajiri ya Julai, ile baridi inayomkumbusha kila mtu kwamba mji huu umekaa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliruka ukuta, Kapita akaruka nyuma yake. Mtu akaenda zake na maisha yake. Kapita akarudi kwa miguu mitatu, wa nne wa mbele ameuning'iniza, damu inadondoka kutoka kwenye uwanja mpaka kwenye jiko la mbabula ambako huwa analalia majivu ya moto.

Nikapiga kelele moja tu. Avenyu ile ambayo huwa haisikii mtu akiibiwa ilisikia mara moja kwamba kuna kitu cha kutazama. Wakaja wamejifunga blanketi, kila mmoja na tochi ya simu na ushauri wake. Mama wa kushoto alileta majivu kwenye sahani: "Muweke majivu, papa, damu itakauka." Fundi magari akasema majivu ni mambo ya zamani, dawa ni mafuta machafu ya injini, maana hata nzi hayapendi. Mwalimu wa shule akapendekeza dawa ya meno. Kijana mmoja alikuwa tayari na kapsuli ya rangi mbili, anataka kuifungua amwage unga wake ndani ya nyama mbichi. Na mtumishi wa Mungu anayepanga nyumba ya kona akainama, akamulika uso wa Kapita kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama mbwa huyu amekuwa akiota ndoto.

Nikawaambia wote asante. Nikaomba mtu mmoja amshike mguu. Nilishangaa jinsi uwanja ulivyopanuka. Aliyekuwa karibu akawa mbali, aliyekuwa na mikono miwili akaikumbatia kifuani. Mji huu hauna upungufu wa madaktari; wenye mikono ndio hawapatikani.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, mtu wa enzi zile bomba refu la mjini lilipokuwa bado linatoa moshi. Kazini alifundishwa huduma ya kwanza, na mpaka leo anapenda watu waumie kidogo ili apate nafasi ya kuikumbuka. Alikuja taratibu, hana simu, hana tochi. Akauliza swali moja: "Nani ameshika damu?" Kimya. Akatikisa kichwa. "Kwanza kinywa, kisha damu, kisha mayi, kisha bandeji. Ukigeuza, njo weye batakufunga bandeji."

Kinywa kwanza, maana mbwa anayekupenda atakuuma ukimgusa panapouma. Maumivu hayana urafiki. Wala usimbembeleze kwa maneno matamu ukidhani anaelewa Kifaransa, mfunge mdomo. Unachukua kitambaa kirefu na laini, unatengeneza kitanzi, unakivisha puani juu ya taya, unakaza kiasi, unapitisha ncha chini ya kidevu na kuzifunga nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Usizibe pua. Na kama mbwa anatapika au anahema kwa shida, mdomo wake haufungwi kabisa, kwa sababu atapaliwa mikononi mwako na lawama utabeba wewe.

Kitambaa kirefu na laini pekee nyumbani kwangu ni tai. Mama wa nyumba aliiona ikishuka kutoka kwenye msumari, akauliza kutoka mlangoni: "Papa, na ndoa ya siku ya posho utavala nini?" Nikamjibu kwamba Jumamosi bado iko mbali na damu iko karibu. Akasema vizuri, basi utaenda na majivu. Kapita akavalishwa tai ya hariri ya bandia, rangi ya divai. Naapa, ilimkaa kuliko mimi.

Kisha damu. Kazi yenyewe ni nyepesi mpaka inachosha: kitambaa safi juu ya kidonda, na kiganja kukandamiza bila kuachia kwa dakika tano, ikibidi kumi. Sharti ni kutochungulia. Kila ukifunua kutazama, unang'oa ule utando wa damu uliokuwa unaanza kuziba, na unarudi mwanzo. Damu ikipenya, unaongeza kitambaa kingine juu ya kile cha kwanza, hukitoi. Sasa jaribu kuwaambia watu wa avenyu yetu wasichungulie. "Fungua kidogo tuone!" "Mulika hapa!" Mama wa kushoto ametoka kitandani na baridi yote hii, hawezi kurudi bila kuona. Niliomba mtu anisomee saa, kwa kuwa mikono yangu yote ilikuwa kazini. Simu zikasomwa, na kila simu ilikuwa na saa yake. Fundi akasema dakika tano zimepita. Mwalimu akasema bado mbili. Mtumishi akasema wakati ni wa Mungu.

Hapo fundi akaona kazi inachelewa, akaenda kuleta mpira. Nazungumzia ule ukanda wa mpira wa ndani wa tairi. Lubumbashi nzima imefungwa kwa mpira huo: magunia ya makaa kwenye baiskeli zinazoingia mjini, magodoro juu ya teksi, mbuzi, mageti, hata bampa. Fundi alitaka kuukaza juu ya goti la Kapita mpaka damu "ijue adabu". Mzee akamshika mkono. Mpira unabana na kuendelea kubana hata wewe ukiwa umelala. Damu ikikosa njia, mguu wa chini unakufa, na kesho utakuwa huna tena kidonda cha kufunga kwa sababu huna mguu. Kukaza kamba juu ya kidonda ni kwa ajali ile ambayo damu inaruka na kiganja kimeshindwa, mbwa anakufa mbele yako. Kapita alikuwa mbali na kufa. Alikuwa amevaa tai, anatazama kila mtu na kumkariri.

Damu iliposimama, ikaja zamu ya maji. Maji ya mbwa aliyeumia hayana uchawi: yachemshwe, yapoe, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, unamwagia kidonda pole pole mpaka mchanga na chembe ndogo za kioo zitoke. Kioo kilichozama ndani hukichokoi. Hicho unamwachia daktari. Spiriti inaunguza nyama inayotaka kupona. Mafuta ya injini ni sumu, na mbwa hulamba kila unachompaka, kwa hiyo ukimpaka uchafu ujue umempa na kifungua kinywa. Majivu na dawa ya meno vinamwongezea daktari kazi ya kufua kabla ya kutibu. Ukiwa na Betadine, iyeyushe kwa maji mpaka ifanane na chai ya msibani, ile ya rangi tu. Nywele za pembeni zipunguze kwa mkasi zisiingie ndani.

Jua lilipotoka nikafunga kidonda kwa muda na kukimbilia duka la dawa. Binti wa pale alikuwa amejipanga, kalamu mkononi.

"Kompresi, pamba, gozi na bandeji ya kuvutika," nikasema.

"Mugonjwa ni nani, papa?"

"Kapita."

"Eko na miaka ngapi?"

"Minne."

"Aa, bado mutoto! Pole. Na chakula, anakula?"

"Mifupa anakula vizuri."

Kalamu ikasimama. "Mifupa?"

"Na sabuni, akiipata."

Alielewa. Nilijua kwa namna alivyoirudisha pamba upande wake wa meza. "Imbwa? Batu banakosa kompresi, weye unaya kununulia imbwa?"

Nyuma yangu foleni ikaguna kumuunga mkono. Na sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alichosema kipo. Katika mji huu ukimpeleka mgonjwa hospitali unaandikiwa karatasi, nawe unazunguka mjini kutafuta glavu, sindano, pamba na uzi kabla daktari hajamgusa. Kuna wanaokaa kwenye benchi na kidonda wazi kwa sababu ndugu bado anahesabu franka. Sikucheka, na wala sitaki msomaji acheke hapo. Lakini Kapita hajawahi kuiba kompresi ya mtu. Aliyezila ni mwingine, ana miguu miwili na gari. Na usiku ule ambapo mama wa kushoto alishikwa na uchungu wa kuzaa, nyumba nzima ikatoka mbio na kuacha mlango wazi, ni nani alikaa mlangoni mpaka asubuhi akilinda masufuria na mbabula? Hiyo nayo ilikuwa huduma, tena ya bure. Nikalipa. Binti akaniongezea diclofenac ya maumivu "kwa huruma". Nikamrudishia kwa adabu. Diclofenac na ibuprofen zinamtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na hata paracetamol si ya kukisia. Dawa ya maumivu ya mbwa hupimwa na daktari wa mbwa. Majirani na foleni hawamo.

Kurudi nyumbani, tatizo lilikuwa palepale: nani atashika. Mzee macho yake yamechoka, mikono inatetemeka. Wengine wote walikuwa wamekaa vizuri, mama wa kushoto tayari anauza maandazi kwa watazamaji. Akatokea manseba mmoja, dereva wa pikipiki, aliyesimama akidhani umati ni wateja. Akashika kichwa na bega, akamlaza Kapita kwa ubavu, akamtuliza kwa sauti ile anayowatulizia abiria anapopita taa nyekundu. Alishika vizuri, sina lawama. Baadaye akanidai nauli ya kutoka kwetu hadi Kenya. Nazungumzia komini ya Kenya, ya hapahapa Lubumbashi. Angekuwa na maana ya Nairobi ningeuza nyumba. Nilipouliza nauli ya nini wakati pikipiki haijasogea, akajibu: "Mukubwa, mina-parka."

Bandeji yenyewe ina tabaka zake, na hapa naomba wale wataalamu wa dawa ya meno wakae kimya. Juu ya kidonda inakaa kompresi safi isiyong'ang'ania nyama. Juu yake pamba, ya kutosha kufanya mto, na vipande vidogo kati ya vidole maana nyayo za mbwa hutoa jasho na vidole vikigandana vinachubuka. Kisha gozi, kisha ile ya kuvutika. Unaanzia chini kwenye vidole na kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukianzia juu unasukuma damu chini na kuifungia huko, mguu unavimba mpaka unapasua soksi. Vidole viwili vya katikati viache nje kidogo, kucha zionekane, ndiyo dirisha lako: kucha zikitengana, vidole vikivimba au vikiwa vya baridi, bandeji imebana, ifungue upesi. Kidole chako kipite chini ya ukingo wa juu bila kupigana. Ikinuka, ikilowa au ikiteleza, haina kazi tena, badilisha. Akitoka nje kwenye umande, mfuko wa plastiki. Akirudi ndani, mfuko unatoka, la sivyo unamchemsha mguu.

Fundi hakukata tamaa. Aliuliza kwa nini tusiweke na banzi, "mbao mbili tu, bwana", kwa usalama. Mzee akamjibu kwamba mfupa haujavunjika; na hata ungevunjika, banzi linashika kama limekamata kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Mfupa ukivunjika juu ya kiwiko au juu ya goti, unaacha, unambeba mbwa juu ya ubao au blanketi na kwenda kwa daktari, kwa sababu hapo banzi linakuwa uzito unaoning'inia chini na kuuzungusha mvunjiko. Wala usiunyooshe mguu uliopinda ukidhani unatengeneza bampa. Fundi alichukia mfano huo.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe mbwa ana meno, na tukishamfungua tai atakumbuka kazi yake. Bandeji yoyote isiyo na ulinzi huliwa kabla ya chakula cha mchana. Madaktari wana kola ya plastiki ya kumzuia asifikie kidonda. Sisi tuna ndoo. Unatoboa kitako cha ndoo nyepesi, unalainisha ukingo kwa kitambaa, unamvisha shingoni na kuifunga kwenye mkanda wake. Nilipoichukua ndoo, mama wa nyumba alitoka tena mlangoni. Tai alikuwa ameisamehe. Ndoo hakuisamehe, na katika mji ambao bomba linakohoa hewa siku nzima, ndoo ni mtu wa familia. Mpaka leo nachota maji na sufuria.

Kwa wale watakaosema "mimi siogopi, nishike tu bila kufunga mdomo", nina neno moja: kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Tangu Louis Pasteur amchanje yule mtoto Joseph Meister mwezi Julai 1885, dunia ina kinga yake, lakini kinga lazima itangulie ugonjwa. Ukiumwa, kidonda kinaoshwa palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, halafu unakwenda hospitali siku hiyohiyo kuuliza chanjo. Hungoji kuona kama mbwa atakufa, na huweki jiwe jeusi na kuita mashahidi. Kapita ana kitabu chake cha chanjo, kimepigwa muhuri kila ukurasa. Changu cha homa ya manjano, kile wanachokiuliza uwanja wa ndege wa Luano, kililiwa na panya. Kwa hiyo kati yetu sisi wawili, anayeweza kusafiri ni yeye.

Na bandeji ya nyumbani si matibabu, ni kitu cha kukufikisha. Kidonda cha kioo kinaweza kuhitaji nyuzi, na nyuzi zina saa zake. Ukingoja kesho, vijidudu vinakuwa vimepata makazi. Mji wetu una Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ndani yake kuna kitivo kizima kinachofundisha madaktari wa mifugo, kwa hiyo hakuna sababu ya mbwa wa hapa kutibiwa na gereji. Manseba yuleyule alitupeleka. Alimhesabu Kapita kama abiria wawili kwa sababu ya ndoo. Daktari alifungua bandeji, akaitazama, akauliza nani aliifunga. Nikatunisha kifua. Akashona, akachoma sindano, akafunga upya, akaandika siku ya kurudi kubadilisha. Bei sitaitaja, mama wa nyumba anasoma gazeti hili.

Tuliporudi, Kapita alikuwa mtu mashuhuri. Watoto walitoka shule kuja kuitazama ndoo. Mama wa kushoto alisema, "Sawa nilivyobaambia, majivu," ingawa hakuna jivu lililomgusa. Mtumishi wa Mungu alitangaza kwamba aliomba akiwa nyumbani. Mzee mmoja wa avenyu ya pili alinivuta pembeni, akanong'ona kwamba ikitokea bahati mbaya, mguu ukakataa kupona, nisimzike haraka haraka bila kumwita, yeye anajua namna ya kumpika. Nikamwambia mguu unapona. Aliondoka amehuzunika kidogo.

Basi nikaona hapana, hili haliwezi kubaki mgongoni mwangu peke yangu. Bandeji inabadilishwa mara kwa mara, daktari anangoja, na ukuta wenye vioo bado umesimama. Nikapita nyumba kwa nyumba na hoja moja: anayelindwa achangie. Sikutegemea kwamba wangekubali, na walikubali wote, tena kwa makofi. Jioni hiyohiyo kukaitishwa mkutano chini ya mwembe na ikazaliwa Kamati ya Mguu.

Mwenyekiti akachaguliwa jirani mwenye ukuta, kwa sababu, walisema, ndiye aliye karibu zaidi na tukio. Mwalimu akawa mwandishi. Mama wa kushoto akakabidhiwa sanduku la pesa. Fundi ni mshauri wa ufundi, mtumishi ni mshauri wa kiroho, manseba ni mkuu wa usafiri, na ameshawasilisha bei ya mafuta. Mzee wa Gécamines alikataa cheo. Alisema yeye ana mguu wa kukagua, akaondoka. Mimi sikupewa nafasi, kwa maelezo kwamba nina maslahi binafsi.

Mchango wa kwanza ulikusanywa na kuisha palepale: daftari la kumbukumbu, kalamu, muhuri wa mbao wenye mchoro wa mguu, na vinywaji vya wajumbe kwa kuwa kikao kilikuwa kirefu. Kuhusu kompresi, kamati imelipokea ombi langu na kulipitisha bila kupingwa. Uamuzi umeandikwa vizuri, nimeusoma mwenyewe: mwenye mbwa atangulize pesa zake, anunue, kisha alete risiti yenye muhuri, nakala tatu.